Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Kasanehama

Mheshimiwa mtawa wa hekalu hili, ndugu wa ukoo wa Usuzawa, majirani wa Kasanehama, nanyi mliotoka Sendai na Morioka kwa barabara yenye barafu, mimi ni Haga Fusae, mdogo wake marehemu, na kazi hii ya kusoma maisha yake mbele yenu kwa desturi ingekuwa ya mwanawe mkubwa, Takumi, lakini marehemu mwenyewe aliniagiza nisome mimi, kwa sababu, alivyosema, Takumi angesoma vizuri mno. Basi nivumilieni, mimi nilikuwa mpishi wa shule, sauti yangu imezoea kuwafokea watoto kwenye foleni ya chakula, na nikifoka hapa na pale mjue si hasira, au ni hasira lakini si ya kwenu nyote.

Najua wengi mmekuja na swali moja moyoni, na bwana wa ofisi ya elimu ameshindwa hata kusubiri, ameniuliza pale mlangoni nikiwa bado nimeshika ubani, "Bibi Fusae, pole sana, lakini ule ubeti wa pili, aliumaliza?" Shule yetu inafungwa tarehe 24 Machi mwaka huu wa 2019, karatasi za wimbo zinangoja kupigwa chapa zikiwa na nafasi tupu katikati, na marehemu aliahidi mbele ya kijiji kizima kwamba nafasi hiyo ataijaza yeye. Nitajibu, wala sitakwepa, lakini kwanza acheni azaliwe.

Usuzawa Eikichi alizaliwa tarehe 3 Novemba 1938 hapa hapa Kasanehama, kwenye nyumba ya kichochoro cha juu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Usuzawa Kumaji, mkulima wa mwani, na mama yetu Tome, nami nikamfuata miaka kumi na miwili baadaye, wakati hakuna aliyekuwa akinitarajia. Nyumba ilijengwa juu kwa sababu ile ya chini ilichukuliwa na wimbi la mwaka 1933 pamoja na bibi yetu mzaa baba, ambaye hata mwili wake haukupatikana, na tangu hapo kwa baba yetu kulikuwa na neno lisilosemwa. Haikusemwa kwamba bahari inaita. Kijana akipanda mashua akatamka kwa mzaha kwamba leo bahari inamwita, baba alimshusha papo hapo, hata kama ni siku ya mavuno na mikono haitoshi, akamrudisha kwao, na mama akamrushia chumvi mgongoni ya kuondoa nuksi, jambo ambalo wageni waliliona ni ushamba, lakini kwetu lilikuwa la kawaida kama kuvua viatu mlangoni.

Alianza shule ya msingi ya Kasanehama mwezi wa Aprili 1945, mwaka ambao watoto walikuwa wakila viazi vitamu na majani ya figili, akaendelea na masomo mji wa jirani, akachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya juu Morioka mwaka 1954, na mwaka 1957 akaingia chuo kikuu Sendai kusoma fasihi, ambako alisoma, aliandamana, alikesha na washairi wenzake, na mwaka 1960 akaondoka bila cheti. Siku aliyorudi na begi lake baba alikuwa anafunga kamba za mwani, hakuinua kichwa, akamwambia, "Nimekupeleka shule miaka yote hii, umerudi hujui hata kufunga kamba," na ilikuwa kweli, kaka yangu mpaka anakufa fundo lake lilikuwa linafunguka lenyewe.

Tarehe 1 Aprili 1961 aliajiriwa kuwa msahihishaji wa chapa katika gazeti moja la Sendai, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 1998, na kwa kuwa wenzake wa zamani mpo hapa, mnajua zaidi yangu jinsi alivyokuwa msumbufu. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1966, cha pili mwaka 1974 kikapata tuzo, magazeti ya Tokyo yakamsifu kuwa sauti mpya, na mama yetu, ambaye hakusoma sana, akaniweka chini nimsomee hiyo sauti mpya.

"Rudia hapo, Fusae. Anasemaje?"

"Anasema jiwe linamkumbuka."

"Jiwe? Mwandikie aje nyumbani anywe supu, huyo ana homa."

Alifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1967 na Bi Shizue, muuguzi kutoka Ishinomaki, wakajaliwa watoto wawili, Takumi mwaka 1969, ambaye ni mhandisi, na Sawa mwaka 1972, ambaye ni mwalimu huko Morioka, na wajukuu watatu. Sitasema alikuwa mume mwepesi, maana wifi yangu akinisikia huko aliko atanicheka, alikuwa anaweza kula chakula chote bila kujua kama ni samaki au ni mbao, na wifi aliwahi kuniambia tukiosha vyombo, "Wifi, mimi naishi na mtu ambaye kila siku yuko chumba cha pili." Lakini alipougua wifi, kaka alimwogesha kwa mikono yake miaka miwili, hakutaka msaidizi, na Bi Shizue alipofariki tarehe 20 Juni 2006 kaka aliacha kuzungumza kabisa kwa muda mrefu, hata Sawa akaogopa, ndipo mwaka uliofuata nikaenda mwenyewe Sendai nikamfungia mizigo nikamrudisha kwenye nyumba ya kichochoro cha juu, tukaishi wawili, mjane na mgane, tukigombana kuhusu redio.

Sasa nafika kwenye nyimbo za shule, na hapa Takumi ameniomba nipite haraka, mpwa wangu ni mtoto mwema, anataka baba yake azikwe kwa heshima, lakini sitapita haraka. Ushairi haulishi mtu, hilo washairi mliopo mnalijua, na kama ilivyo desturi ya nchi yetu, shule ikijengwa hutafuta mshairi aiandikie wimbo, na kaka aliandikia shule nyingi za mkoa huu na wa jirani, wakimlipa mara kwa mpunga, mara kwa matufaa. Hakuandika kwa kukaa mezani, alikwenda kukaa kwenye kijiji, akatembea na watoto njia yao ya asubuhi, akawauliza wanaona nini dirishani wakichoka kumsikiliza mwalimu, na alikuwa hakubali kuandika hata neno kabla hajawasikia wanavyopiga kelele wakati wa mapumziko, maana alisema wimbo lazima utoshee midomo yao, siyo wake.

Mwaka 1979 shule yetu ya Kasanehama ilipata jengo jipya, mwalimu mkuu akamwomba mtoto wa kijiji, na kaka akaja akalala nyumbani siku kumi, akawafuata watoto kama mbwa wao, akaandika beti tatu, ubeti wa kwanza wa mlima ulio nyuma ya shule, wa pili wa bahari, wa tatu wa urafiki, na jioni moja akausoma ubeti wa pili mbele ya baba, miguu yetu sote ikiwa chini ya meza ya joto, ile yenye makaa chini na blanketi juu. Mnaujua, wengi wenu mmeuimba, lakini lazima nitamke:

Bahari ikituita asubuhi,
twashuka mbio, twaitika.

Baba aliweka kikombe chini, akasema, "Eikichi, bahari usiipe mdomo."

"Baba, huu ni ushairi tu."

"Hao ni watoto tu. Toa hilo neno."

"Niweke nini? Watoto wenyewe wameniambia, wakiamka wanasikia mawimbi, wanateremka mbio, ndivyo walivyosema."

"Watoto wakisema unawanyamazisha, huwawekei muziki," alisema baba, akainuka akaenda kulala, na siku ya kuzindua wimbo, tarehe 5 Novemba 1979, kijiji kizima kilivaa nguo nzuri kikajaa ukumbini, isipokuwa mzee Kumaji, aliyekwenda kutengeneza nyavu ambazo hazikuwa zimechanika. Kaka alicheka, akaniambia, "Mzee wetu anaamini mambo ya kale," na mimi pia nilicheka, maana wimbo ulikuwa mzuri jamani, ulikuwa mzuri sana, watoto waliupenda kuliko chakula changu, waliuimba wakifagia, waliuimba wakigombana, na mtoto wa Kasanehama aliyehamia hata Osaka alikuwa akilewa anauimba.

Uliimbwa namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi tarehe 11 Machi 2011, siku ya Ijumaa, ambayo sihitaji kuwaeleza nyinyi. Nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu, mchana ule tuliwapikia wali wa maharage mekundu kwa ajili ya mahafali yaliyokaribia, watoto wa darasa la kwanza na la pili wakamaliza vipindi mapema wakaenda kwao kama kila Ijumaa, na ardhi ilipotikisika waliobaki shuleni walikimbilia hapa hekaluni kama walivyofundishwa, walimu wakiwahesabu na kuwahesabu tena, mimi nikipanda na sufuria la wali uliobaki kichwani kwa sababu sikujua nishike kitu gani kingine. Kaka alikuwa ameshafika kutoka kichochoro cha juu, anagawa mablanketi mlangoni pale, na sote tuliona kilichofanyika chini.

Jioni ile theluji ilianza, watoto wakatetemeka, wengine wakaanza kusinzia vibaya, mwalimu mmoja kijana akaogopa akasema tuimbeni, na wimbo ambao wote waliujua ulikuwa mmoja. Walianza na mlima, vizuri tu, kisha wakaingia ubeti wa pili, nao walikuwa watoto, hawakufikiri, mwalimu alifunga mdomo katikati lakini wao waliendelea kwa sauti kubwa mpaka mwisho, twashuka mbio, twaitika, na akina mama waliokuwa wamekaa hapo ukutani, ambao watoto wao wadogo walikuwa bado hawajaonekana, waliyasikiliza maneno yote. Kaka aliweka mablanketi chini taratibu, akatoka. Nilimfuata nikamkuta ameinama kwenye theluji anatapika, nikamshika mgongo, akasema, "Baba aliniambia, Fusa."

Tuliwapoteza watoto saba, wote wa madarasa mawili ya chini. Nawaomba radhi wazazi kwa kuwa sitawataja wote, nitamtaja Mitsuki, wa miaka saba, mtoto wa Bi Sasamori Chinatsu, kwa sababu mama yake ameniruhusu, na Ryota, mjukuu wa mzee Onuki, kwa sababu mzee amekaa hapo mbele na angenikasirikia nisipomtaja.

Mwezi wa Februari 2012 shule ikiwa kwenye vyumba vya mabati, wazazi waliitana kuamua kama wimbo ule utaimbwa kwenye mahafali, na kaka akaitwa. Mama Mitsuki alisimama wa kwanza, hakupaza sauti, akamgeukia kaka, ambaye kijiji kizima kilimwita Mwalimu kwa heshima, akasema, "Mwalimu, mwanangu alikuwa anaimba yale maneno bafuni kila jioni. Yatoe. Sitaki mtoto mwingine ayaimbe." Kabla hajakaa mzee Onuki alikuwa ameshainuka, akasema, "Wewe wako ulimpata ukamzika, wangu hajapatikana mpaka leo, sina kaburi, nina huo wimbo tu. Ukiutoa, unamtoa Ryota." Wakaanza kufokeana watu ambao wamekula pamoja maisha yao yote, mmoja akamtaja mwenzake kwa jina la utoto, mwingine akalia, na katikati yao kaka yangu, mwenye tuzo ya Tokyo, alipiga magoti kwenye sakafu ya mabati akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitaleta ubeti mwingine. Shule hii ikija kufungwa siku moja, mtakuwa mmeshaupata."

Ikaamuliwa kwamba mpaka hapo watoto waimbe ubeti wa kwanza na wa tatu, na ndivyo walivyoimba miaka saba, kinanda kinaruka pale katikati, watoto wa sasa hawaujui kabisa wa pili. Na kaka katika miaka hiyo saba hakuandika kitu kingine chochote. Alikuja mchapishaji kutoka Tokyo kuomba mashairi kuhusu msiba, kaka alimpa chai akamfukuza. Alianza tena kuwafuata watoto, mzee wa miaka sabini na kitu, akiwauliza wanaona nini dirishani, na mmoja akamjibu, "Lori, Mwalimu. Halafu lori lingine," na ulipojengwa ule ukuta mkubwa wa saruji ufukweni, wakamjibu, "Ukuta." "Na nyuma ya ukuta?" "Hatujui, hatujawahi kupelekwa." Alirudi nyumbani siku ile akakaa bila kuvua koti, nikamwambia andika chochote bwana, andika maua, andika ndege, watu watashukuru, akaniambia, "Fusa, mara ya kwanza niliandika kilichokuwa kizuri. Angalia kilicholeta."

Na hapa nitafoka kidogo. Wapo watu wa mkoa huu waliomwita mshairi aliyewaita watoto baharini, wakaandika hivyo hata gazetini, wakanyamaza akiingia dukani, na wengine mpo humu ndani leo na bahasha zenu za rambirambi zimefungwa vizuri kwa uzi mweusi na mweupe, ahsanteni kwa kuja. Wimbo haukumshusha mtoto yeyote ufukweni, wale watoto walikuwa wanakwenda kwao, kwa mama zao, njia ile ile ya kila siku. Hilo mimi nilimwambia kaka mara nyingi mno, Sawa alimwambia, daktari alimwambia, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Mwezi wa Agosti 2018 aliugua tumbo, akapelekwa hospitali, ikaonekana ni saratani iliyokwisha kuenea, na serikali ya mji ikatangaza mwezi huo huo kwamba shule itafungwa Machi inayofuata na watoto waliobaki watapelekwa kwa basi mji wa jirani, kwa hiyo marehemu akajikuta anashindana na tarehe mbili. Alikataa dawa kali ya maumivu kwa sababu ilimchanganyia maneno, nikamgombeza mpaka wauguzi wakanitoa nje, akakubali nusu. Kufika Januari mikono yake ilikuwa haishiki kalamu, akawa anatunga kwa mdomo, anayaviringisha maneno macho yamefumbwa, na Takumi, pole mwanangu, najua umepekua droo zote siku hizi nne, hakuna karatasi, hakuandika popote.

Tarehe 4 Februari asubuhi aliniambia umekwisha, nikampigie simu Mama Mitsuki, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama Mitsuki alikuja na mfuko wa machenza, akakaa kwenye kiti, nikainua kitanda, na kaka akaukariri ubeti mpya, sauti ndogo lakini kila neno limenyooka. Nimeishi na mashairi ya mtu huyu maisha yangu yote na mengi sikuyaelewa, lakini ule niliuelewa wote, na nilitoka jasho. Mama Mitsuki alilia, akainama mara mbili, akaanza kumenya chenza ambalo hakuna aliyekuwa analila.

Kisha akasema, "Ni mzuri, Mwalimu. Ni mzuri kuliko ule." Akaliweka chenza chini. "Ila Mitsuki haujui huu."

Kaka alifumbua macho akamtazama.

"Mimi ndiye niliyekuambia uyatoe, najua, nisamehe. Nilikuwa siwezi kuyasikia. Lakini ile siku ya mwisho nitasimama pale, shule inafungwa, hakutakuwa tena na mahali alipowahi kukaa, na wataimba kitu ambacho mwanangu hajawahi kukisikia. Nimelala macho wiki nzima. Nataka angalau kimoja anachokijua."

"Maneno yale, Mama Mitsuki?" aliuliza kaka. "Yale yale?"

"Yale yale. Aliyapenda. Alikuwa anayapiga kelele."

Nilitaka kumtoa nje yule mama, nasema ukweli mbele yake, Chinatsu unisamehe, nilitaka kumshika mkono na kumtoa, maana nilimwona kaka yangu usoni, miaka saba ilikuwa imeporomoka mbele ya macho yangu kwa sentensi moja. Lakini kaka aliinua ule mkono wake usioshika kitu akauweka juu ya mkono wa yule mama, akamwambia, "Basi aimbiwe anaoujua," wakakaa hivyo. Mama Mitsuki alipoondoka, kaka aligeukia ukutani, chakula cha mchana kikaja kikarudi, na jua lilipofika dirishani upande wa pili aliniambia bila kugeuka, "Kwa hiyo lile kosa ndilo linalobaki, Fusa. Jema nitakwenda nalo."

Nilimwambia huo mpya tuutunze, tuuchonge kwenye jiwe, tumpe Takumi auchapishe liwe shairi lake la mwisho. Akasema hapana, ubeti ulitungwa kwa ajili ya wimbo mmoja na watu wake hawauhitaji, tusiufanye mapambo yake, na akaniagiza mimi nisome leo, nisimpambe, nisimtetee, ingawa hilo la pili mmeona nimeshindwa. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini, mbele ya Takumi, Sawa na mimi, na jana tumemchoma kwa desturi yetu, majivu yake ndiyo hayo mbele yenu kwenye kitambaa cheupe.

Kwa hiyo, bwana wa ofisi ya elimu, jibu lako ni hili, aliumaliza, na hutaupata. Piga chapa ule wa zamani, herufi kwa herufi. Walioujua ubeti mpya walikuwa watatu, mmoja ni majivu, na sisi wanawake wawili tumeshakubaliana. Mzee Onuki, naona unalia, ulitaka ubaki na umebaki, wala sidhani unajiona umeshinda. Na wazazi wale ambao mpaka leo hamwezi kuyasikia maneno yale, wapo, nawajua, mlango wa nyuma wa ukumbi utakuwa wazi, nitasimama hapo mimi mwenyewe, tokeni bila aibu, hakuna atakayewatazama, na mimi sijui kama nitabaki ndani au nitatoka nanyi.

Kwa niaba ya ukoo wa Usuzawa nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa mkaidi na mdogo wake mkaidi zaidi, majirani wa kichochoro cha juu waliozoa theluji usiku kucha ili gari lipande, wanawake wa mwani waliopika tangu juzi, wafanyakazi wenzake wa gazeti, washairi, walimu, na watoto wa shule mliokaa kimya muda wote huu na miguu imekufa ganzi. Nanyi watoto, mwalimu wenu atawafundisha ubeti wa pili kuanzia kesho, mna wiki tano, jifunzeni vizuri, na mkiuliza kwa nini, mwalimu wenu akishindwa kujibu, njooni kwangu.

Kaka, kapumzike. Watakuja hao wadogo saba kukuuliza, maana watoto hawaachi mtu apumzike, nawe uwaambie ukweli, kwamba wimbo wao hukuugusa.